Mlima wa Dakika Tisa

Mashine ilipoinuka mara ya pili, Fundi Saa alishika vyuma vya pembeni kwa mikono yote miwili, na daktari akamwambia aachie.

"Nikiachia nitaanguka," alisema.

"Ukishika, mashine inakubeba. Nataka kuuona moyo wako, mama, si mikono yako."

Aliachia. Kifuani alikuwa amebandikwa nyaya kumi, na mkononi amefungwa kitambaa cha kupimia presha kilichojibana na kulegea kila baada ya muda kama kitu chenye hasira zake. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kueleza. Unatembea juu ya mkanda wa mpira unaozunguka, na kila zikipita dakika tatu mkanda unaongezwa kasi na kuinuliwa upande wa mbele, kana kwamba kuna mtu ananyanyua barabara. Ngazi ya kwanza ni mwinuko wa asilimia kumi, ya pili kumi na mbili, ya tatu kumi na nne. Daktari huyu alikuwa na sharti lake: asiyemaliza ngazi tatu, yaani dakika tisa, hatolewi figo.

Fundi Saa alifika dakika nne na nusu. Daktari alizitazama namba za presha, akabonyeza kitufe chekundu, mkanda ukasimama.

"Kwa hali hii siwezi," alisema daktari baada ya kumkalisha na kumpa maji. "Nikikulaza mezani leo nitakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja."

"Nipe muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kurudi hapa kuumaliza huu mlima wako."

Daktari alikuwa mtu asiyependa kuwapa watu matumaini ya bure. Alifungua kalenda yake, akapekua, akatia alama. "Wiki kumi na sita. Uzito upungue kilo kumi. Presha ishuke, na ikishuka ikae huko huko. Halafu dakika tisa, bila kushika vyuma. Kimoja kikikosekana, tutamtafutia mdogo wako njia nyingine."

Njia nyingine haikuwepo, na wote wawili walilijua hilo.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa maneno mengi, na ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye. Figo zake zilianza kushindwa kazi miaka mitatu nyuma, kimya kimya, mpaka siku alipoanguka ubaoni akiwa ameshika chaki. Tangu hapo alikuwa akienda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, saa nne kila safari, na kila aliporudi alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Walimpima mkewe, damu ikakataa. Walimpima binamu mmoja, naye akakutwa na sukari. Walipompima dada mtu, vipimo vilikubaliana mpaka maabara ikarudia kuhakikisha. Kilichokataa kilikuwa mwili wenyewe.

Na mwili huo haukuwa wa kulaumiwa sana. Miaka ishirini na saba alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja, mgongo umepinda, jicho moja limebana kioo cha kukuzia, vidole vikiokota skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi. Kazi ile alifundishwa na baba yake, na aliifanya vizuri kiasi kwamba jina lake halisi lilisahaulika. Hata majirani walimwita Fundi Saa. Kazi ya saa inataka mtu atulie, na yeye alitulia mpaka kilo zikafika tisini na mbili. Ngazi za nyumbani, kumi na moja tu, alizipanda kwa mapumziko mawili.

Siku ile ya kipimo, wifi yake alikuwa akimsubiri nje kwenye benchi la korido. Wifi alikuwa msusi, mwanamke mwembamba mwenye vidole visivyotulia. Kila alipokosa kichwa cha kusuka alisuka pindo la kanga yake. Hakuuliza kitu. Tangu ugonjwa uanze hakuwahi kumwambia Fundi Saa hata neno moja kuhusu figo, wala kumwomba, wala kumkumbusha. Alimtazama tu usoni, akalijua jibu, akasimama.

"Twende tukale," alisema.

"Twende. Lakini mimi nitakula nusu," akajibu Fundi Saa.

*

Jimu aliyoijua ilikuwa juu ya duka la rangi, mitaa miwili kutoka kibanda chake cha saa. Ilikuwa na mashine tatu za kukimbilia, moja mbovu, vyuma vya kunyanyua, na kioo kimoja kirefu chenye ufa. Mwenyewe aliitwa Bi Filimbi. Alikuwa amefundisha michezo shuleni kwa miaka thelathini, akastaafu na filimbi yake shingoni, na hadi sasa aliivaa kama wengine wanavyovaa mkufu. Alikuwa mfupi, mkavu, na hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

Alimsikiliza Fundi Saa mpaka mwisho, habari ya figo, ya mwinuko na ya wiki kumi na sita.

"Unataka kukimbia?" akauliza.

"Nataka kupanda."

"Vizuri. Maana ukisema nikukimbize leo na uzito huo, magoti yatakushtaki. Utatembea. Tutauinua mlima badala ya kuongeza mbio. Moyo haujui tofauti, magoti yanaijua."

Fundi Saa alianza na mwinuko wa tatu, dakika kumi na tano. Siku ya kwanza alidhani ni mchezo. Siku ya pili misuli ya nyuma ya miguu ilikaza hata akashuka kitandani kwa kutambaa. Siku ya tatu alirudi. Alipotaka kushika vyuma, Bi Filimbi alipuliza filimbi mbele ya pua yake.

"Hapo umemwibia nani?" aliuliza.

"Nilitaka kupumzika kidogo."

"Kama umechoka, shusha mlima. Usibaki mlimani huku umening'inia. Mwinuko wa nne kwa miguu yako ni bora kuliko wa kumi kwa mikono."

Alifundishwa kutokuinama kiunoni kama anayetafuta sindano, bali kuegemea mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Alifundishwa hatua fupi. Alifundishwa kupanda na kushuka: dakika mbili mwinuko wa sita, dakika mbili wa pili, tena na tena, mpaka jasho lichuruzike kwenye viwiko. Wiki ya tano alipoanza kukimbia kidogo kidogo, Bi Filimbi hakumruhusu kukimbia mkanda ukiwa tambarare.

"Weka moja," alisema. "Ukikimbia humu ndani, kila siku inua moja. Hiyo moja ni ya upepo. Nje upepo unakusukuma kifua, humu haupo. Lazima tuulipie kwa njia nyingine."

Fundi Saa aliandika kila kitu. Alikuwa na karatasi aliyoibandika ukutani kibandani, tarehe, mwinuko, kasi, dakika, kwa mwandiko ule ule mdogo wa kuandikia saa za wateja. Mchana, akiwa amebana kioo jichoni, alikuwa akitikisa vifundo chini ya meza. Wateja walianza kugundua. Mzee mmoja mwenye saa ya mfukoni alimwuliza kama anaumwa.

"Naumwa uvivu," alijibu. "Niko kwenye dozi."

Nyumbani mdogo wake alimtania. Waliishi nyumba moja, yeye chumba cha mbele, mwalimu na mkewe vyumba vya nyuma. "Dada," alisema mwalimu akiwa amejilaza kwenye kochi, miguu imevimba, "nieleze kitaalamu. Umetembea kilomita tatu. Umefika wapi?"

"Nimefika hapa."

"Kijiografia hujaondoka."

"Basi nitie alama hapo kwenye ramani yako," alisema Fundi Saa, akamsogezea mto chini ya miguu.

Wiki ya nane karatasi ilisema: mwinuko wa kumi na mbili, kasi kilomita sita kwa saa, dakika kumi. Kilo saba zilikuwa zimeondoka. Presha ilikuwa imeshuka. Kwa hesabu za karatasi, mlima wa daktari ulikuwa umebaki kidogo tu. Fundi Saa alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

*

Jumanne ya wiki ya tisa umeme ulikatika. Alfajiri Fundi Saa alimkuta Bi Filimbi amekaa juu ya mashine iliyozimika, anakunywa chai.

"Barabara haina swichi," alisema Bi Filimbi. "Nenda kwenye tangi la maji."

Tangi hilo lilikuwa juu ya kilima upande wa pili wa reli, na barabara ya kwenda huko ilikuwa ya lami mpaka nusu, halafu changarawe. Fundi Saa alirudi nyumbani, akamwambia wifi, na wifi, ambaye hakuwa na kichwa cha kusuka mpaka saa nne, akatoa baiskeli. Alisema atamfuata nyuma asije akaanguka peke yake.

Tambarare ya kwanza ilimshangaza. Kwenye mashine, mkanda ulimjia, yeye kazi yake ilikuwa kunyanyua mguu na kuuweka. Hapa hakuna kilichomjia. Kila hatua alijisukuma mwenyewe, na upepo ulikuwa usoni, na jiwe lilikuwa pale ambapo mguu ulitaka kukanyaga. Mbwa wawili walimsindikiza mpaka relini. Kasi hakuijua, hakukuwa na namba mbele ya macho yake, kwa hiyo alikwenda mbio kuliko kawaida bila kujua. Kilima kilipoanza alikuwa tayari anahema.

Alisimama dakika ya sita. Si kwamba aliamua. Miguu iligoma tu, kifua kikawaka, akakaa kando ya barabara juu ya jiwe la mpaka, mikono imening'inia.

Wifi alishuka kwenye baiskeli, akailaza majanini, akakaa naye. Walingoja pumzi zirudi.

"Kwenye mashine ninafika dakika kumi," alisema Fundi Saa. "Kumi, wifi. Na mlima huu wala haujafika kumi na mbili. Nimeutazama."

"Labda umechoka leo."

"Sijachoka. Nimedanganywa, au nimejidanganya. Sijui kipi."

Wifi alianza kusuka majani. Alisuka kama kidole kirefu, akasema bila kuinua uso, "Sijawahi kukuomba."

"Najua."

"Nimeogopa. Nikikuomba ukafa, nitamtazamaje? Nisipokuomba akafa, nitajitazamaje? Kwa hiyo nimekaa kimya miaka mitatu kama mtu aliyemeza mfupa." Alitupa majani. "Ukitaka kuacha leo, mimi sitakulaumu. Nimekuja na baiskeli ili nikwambie hilo, si kwa sababu ya kuanguka."

Fundi Saa alimshika mkono. "Umekwisha kuniambia. Sasa shika baiskeli yako, tuteremke. Nina kitu cha kupima."

Kuteremka nako kulikuwa na lake. Aliporuhusu miguu iende, mapaja yakawa ndiyo breki, na siku mbili zilizofuata alikaa chooni kwa kushikilia ukuta. Bi Filimbi alipoambiwa alitikisa kichwa. "Mashine inajua kupanda tu," alisema. "Kushuka haijui. Ndiyo maana hukuwa na mapaja."

Lakini hilo lilikuja baadaye. Siku ile ile umeme uliporudi, saa sita mchana, Fundi Saa alifunga kibanda akapanda jimu akiwa na chaki, futi ya kamba na saa yake ya kuhesabia sekunde.

Bi Filimbi alimtazama akipiga magoti kando ya mashine. "Unafanya nini, Fundi?"

"Kazi yangu."

Alipima urefu wa mkanda wote kwa kuusogeza kidogo kidogo: mita tatu na sentimita ishirini. Akachora mstari wa chaki. Mashine ikisema kilomita sita kwa saa, ule mstari ulipaswa kupita mara thelathini na moja na ushee kwa dakika. Aliiwasha ikiwa tupu, akahesabu. Thelathini na moja. Uso ukamshuka.

"Basi iko sawa," alisema Bi Filimbi.

"Iko sawa ikiwa haina mtu." Fundi Saa alifikiri. "Panda wewe. Na ushike vile vyuma vya kilo kumi na tano, kila mkono kimoja, uzito wako ukaribie wangu."

Bi Filimbi alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, lakini hakuwa mtu wa kukataa hesabu. Alipanda, chuma mkono huu na chuma mkono ule, filimbi ikicheza kifuani. Fundi Saa aliinua mlima mpaka kumi na mbili, akaweka kasi sita, akalala kifudifudi sakafuni, jicho limebana mstari. Kioo cha mashine kiliendelea kuonyesha sita. Mstari ulipita mara ishirini na sita.

Alirudia mara tatu. Ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na tano.

"Shuka," alisema, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. "Mkanda umelegea. Ukibeba uzito mlimani unateleza kwenye rola. Inasema sita, inakwenda tano. Mwinuko ni wa kweli, kasi ni ya uongo. Wiki zote hizi nimekuwa nikiandika uongo kwa mwandiko mzuri."

Bi Filimbi aliviweka vyuma chini polepole. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Mashine ni yangu," alisema. "Kosa ni langu. Nimetazama miguu yako, sikuutazama mkanda."

Fundi Saa hakusema "si kitu", kwa sababu kilikuwa kitu. Alikaa akitazama mstari wa chaki. Alikuwa amefungua maelfu ya saa zilizokuwa zikitembea nyuma ya wakati, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitupa hata moja kwa kosa la kuchelewa. Saa inayochelewa si saa mbovu, ni saa ambayo bado haijarekebishwa.

"Una spana?" aliuliza.

Waliukaza pamoja, boliti mbili nyuma, robo mzunguko kila upande, wakapima, wakakaza tena, mpaka Bi Filimbi na vyuma vyake alipofikisha thelathini na moja. Kisha Fundi Saa alirudi kibandani, akabandua ile karatasi ukutani, akabandika nyingine nyeupe. Akaandika: wiki ya tisa, mwanzo.

*

Wiki zilizobaki aligawanya siku. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuwa juu ya mashine, ambako mlima ulikubali kupimwa: leo kumi na mbili dakika nne, keshokutwa dakika nne na nusu. Jumanne na Jumamosi alikuwa kwenye kilima cha tangi na wifi nyuma yake, kwa sababu kilima hakikuwa na kitufe cha kumhurumia. Akiwa ndani alijifunza kuhesabu hatua, akazitoa nje zile hesabu ili asianze kwa pupa. Nje nako vifundo vyake vilipata nguvu kwa kukanyaga changarawe, akarudi ndani akaona mkanda umekuwa mlaini kama zulia. Siku ya mvua alikwenda hata hivyo. Siku wifi alipokuwa na bibi harusi wa kusuka, alikwenda peke yake.

Wiki ya kumi na mbili mwalimu aliugua homa, akalazwa siku tano. Fundi Saa alikwenda kumwona akitoka mlimani, viatu vina vumbi, fulana imelowa mgongoni. Alimkuta ameketi, macho yamezama, na karatasi iliyokunjwa mkononi.

"Dada, keti," alisema. "Nimemwandikia daktari. Nimemwambia nakataa."

"Unakataa nini?"

"Figo yako. Nimekutazama miezi mitatu unajikaza kisabuni. Unarudi unachechemea. Siku moja utaanguka kwenye hicho kilima, na mimi nitakuwa nimekuua nikiwa nimelala kwenye kochi. Sitaki kubeba deni hilo. Wewe ndiye uliyenilea, inatosha."

Fundi Saa alivuta kiti. Hakuwa msemaji, hilo alimwachia mdogo wake tangu utotoni. Safari hii alisema.

"Mara ya mwisho kupanda ngazi za nyumbani nikiwa napumzika ilikuwa lini?"

Mwalimu alifikiri. "Sijakuona ukipumzika siku nyingi."

"Na kuumwa kichwa asubuhi?"

"Hujasema siku nyingi pia."

"Yule mtu ambaye daktari alimsimamisha dakika ya nne na nusu, presha juu, alikuwa anakufa, Mwalimu. Polepole, ameketi kwenye kiti, na hakuna aliyemwandikia barua ya kukataa. Mimi nilikwenda kwa ajili yako, sikatai. Lakini sasa hivi hata ukiikataa figo, kesho nitapanda kile kilima. Kwa hiyo usiniambie unanizuia nisife. Ukikataa, hunipunguzii hata hatua moja. Utakuwa umejinyima tu."

Mwalimu aliigeuza ile karatasi mikononi. "Hoja yako ina kasoro mahali fulani," alisema hatimaye.

"Itafute."

Aliitafuta muda mrefu. Nesi alikuja, akapima joto, akaondoka. Mwishowe mwalimu aliichana barua mara mbili, akamkabidhi dada yake vipande akavitupe, kwa kuwa pipa lilikuwa mbali na kitanda.

"Lakini nikipona nami utanipeleka kwenye hicho kilima," alisema.

"Utaanza na mwinuko wa moja."

*

Kwenye mizani, siku ya miadi, alikuwa amepunguza kilo kumi na moja. Presha aliyopimwa akiwa ameketi ilimfanya daktari aipime tena mkono wa pili. Kisha wakamvalisha nyaya, akapanda mkandani.

Ngazi ya kwanza ilikuwa matembezi. Aliona mambo ambayo mara ya kwanza hakuyaona: dirisha, paa za mabati, mtu anaanika mashuka. Ngazi ya pili moyo uliamka, akaulegeza kwa hatua fupi, mabega chini. Dakika ya sita mashine iliguna, ikainuka kumi na nne.

Hapa hakuwahi kufika mbele ya daktari. Kasi ilikuwa ile mbaya kuliko zote, kubwa mno kwa kutembea na ndogo mno kwa kukimbia. Dakika ya saba mapaja yalianza kuwaka. Vyuma vilikuwa karibu, shubiri moja tu kila upande, vimeng'aa kwa mikono ya watu wengi. Aliitazama sakafu. Akaanza kuhesabu hatua kama alivyohesabu kwenye changarawe, ishirini, kisha ishirini nyingine, bila kujiuliza zimebaki ngapi.

"Dakika ya nane," alisema daktari. "Unajisikiaje?"

"Naendelea."

"Nimeuliza unajisikiaje."

"Vibaya. Naendelea."

Kitambaa kilijibana mkononi, kikalegea. Daktari alitazama namba, na kidole chake hakikwenda kwenye kitufe. Jasho liliingia machoni mwa Fundi Saa, akayapepesa. Ishirini. Ishirini. Aliteleza kidogo, kisigino kikagusa ukingo, mkono ukarukia chuma, ukasimama hewani kabla haujakigusa, ukarudi. Ishirini. Mashine ilitoa mlio mfupi.

"Tisa," alisema daktari. "Nashusha."

"Ngoja," alisema Fundi Saa kwa shida. "Zifike tisa na nusu." Zikafika.

*

Upasuaji ulifanyika wiki tatu baadaye, asubuhi moja, vyumba viwili vilivyopakana. Fundi Saa alizinduka akiwa na maumivu ubavuni kama amepigwa teke, na jambo la kwanza aliloona ni uso wa wifi.

"Amekojoa," alisema wifi.

"Nani?"

"Mwalimu. Amekojoa mwenyewe, pale pale mezani, hata hawajamaliza kumshona. Daktari anasema figo yako haikusubiri kuambiwa." Wifi alifuta pua kwa pindo la kanga.

Kesho yake mwalimu alituma ujumbe kupitia nesi, karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni. Ilikuwa na namba tu, mililita za mkojo kwa kila saa, zimepigiwa mstari chini, na jumla. Fundi Saa aliisoma mara mbili akaiweka chini ya mto.

Yeye aliruhusiwa siku ya tano. Mdogo wake alikaa wiki mbili zaidi. Siku mwalimu aliporudishwa nyumbani alipanda ngazi kumi na moja mwenyewe, mkono mmoja ukutani, dada yake nyuma yake naye akipanda taratibu, kwa kuwa alikatazwa kunyanyua hata ndoo kwa wiki sita, na kilima asikione kabla ya miezi mitatu. Waliingia sebuleni wakacheka bila sababu kubwa, kila mmoja ameshika mshono wake.

Wifi aliwatangulia kuwawekea mito. Alikaa kidogo kwenye ukingo wa kochi ili avue viatu, akavua kimoja. Walipogeuka kumwuliza kitu walimkuta amelala, kichwa kimeegemea ukuta, kiatu cha pili bado mguuni, vidole vyake vimetulia mapajani.

Mwalimu alitaka kumwamsha ahamie kitandani. Fundi Saa alimzuia kwa mkono. Alileta shuka, wakamfunika wote wawili, huyu upande huu na yule upande ule, kisha wakaenda kukaa jikoni na kuufunga mlango polepole.